UZI: Miaka 11 wodi ya damu na saratani. Nunueni kipimajoto kabla ya juisi ya rozela

Sista wa Usiku (mleta mada)

Salaam wakuu. Humu huwa nasoma tu, leo nimeamua kuandika. Mimi ni muuguzi, niko Dar, mwaka wa kumi na moja sasa kwenye wodi ya wagonjwa wa damu na saratani. Hospitali siitaji, msinifuate inboksi kuuliza.

Kilichonitoa mafichoni ni kijana mmoja wa miaka 19, lukemia, yaani saratani ya damu. Alimaliza mzunguko wa pili wa dawa, akaruhusiwa anacheka. Siku ya tisa akiwa nyumbani, saa tatu usiku, mwili ukachemka. Mama yake akampa parasetamoli mbili, joto likashuka, nyumba nzima ikalala. Alfajiri akachemka tena, akapewa nyingine mbili. Wanamfikisha kwetu saa saba mchana, presha ya juu inasoma 70, vidole vya baridi, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mama ananiuliza, "Sista, mbona homa tuliituliza?"

Hakuvuka usiku wa pili. Na lukemia yenyewe ilikuwa imeanza kusikia dawa.

Basi naomba nieleze jambo moja tu, mengine tutayajibu kadiri yatakavyokuja. Kemo, yaani dawa za saratani, inaua seli zinazozaliana haraka. Saratani inazaliana haraka, sawa, lakini hata uboho ulio ndani ya mifupa, kiwanda cha damu, mizizi ya nywele, na ngozi laini ya mdomoni na tumboni vinazaliana haraka. Ndiyo maana nywele kudondoka, vidonda vya mdomo na damu kushuka huja kama ndugu wa baba mmoja. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Yaani mgonjwa anakuwa dhaifu kuliko wakati wote akiwa keshafika nyumbani, keshaanza kula, watu wameanza kuja kumpongeza.

Katika chembe nyeupe wapo askari wa zamu ya kwanza, tunawaita neutrofili. Wakishuka chini ya 500 kwa maikrolita moja ya damu, mtu yuko uchi mbele ya bakteria. Na hapa ndipo watu wanapopotea: usaha ni maiti za askari hao. Asiye na askari hana usaha. Anaweza kuwa na nimonia asikohoe makohozi. Anaweza kuwa na jipu lisilovimba. Mkojo unaweza kuwa na maambukizi na kipimo kisionyeshe chembe za usaha. Alama pekee iliyobaki mara nyingi ni joto, nawe umeizima kwa parasetamoli.

Wodini kwetu, 38.3 ikionekana mara moja, au 38.0 ikikaa saa nzima, tunakimbia. Damu ya kuotesha vijidudu inachukuliwa, antibiotiki ya mshipani inaingia ndani ya dakika 60 tangu mgonjwa afike, majibu yatatukuta njiani. Ndugu wa nyumbani huwa nawaambia waachane na hesabu ya 38.3. Ikifika 38, beba begi njoo. Kama anatetemeka kwa baridi na kipimajoto kinasema 37.5, njoo vilevile.

Kipimajoto cha kwapani kinatosha. Cha njia ya haja kubwa hapana, kabisa. Wala dawa za kuingiza huko, wala enema. Ngozi ya pale inachanika kirahisi, na bakteria wanaoishi jirani wanasubiri mlango tu.

Mkulima wa Kibaha

Nimevuta kigoda, naandaa na kahawa. Sista endelea.

Kaka Mkubwa Mbagala

Sista, umeandika kama unaijua nyumba yangu. Mama ana limfoma (saratani ya tezi), juzi amepata dozi ya tatu. Nina hofu moja. Mzunguko uliopita alipata homa, nikamkimbiza hospitali ya karibu usiku. Wakatuweka benchi na watu wa malaria, saa mbili nzima. Nikasema mama yangu anatumia dawa za saratani, dada wa mapokezi akajibu "wote hapa wanaumwa". Bahati kipimo cha malaria kilitoka hasi wakatuambia turudi asubuhi, na asubuhi akawa nafuu. Sasa bahati hiyo itakuja mara ngapi?

Sista wa Usiku

Pole sana kaka, na pole kwa mama. Haitakuja mara nyingi, ndiyo maana usiitegemee.

Ukifika, usianze na historia. Usiseme "mama anaumwa kansa", maana mtu wa mapokezi akisikia kansa anafikiri mgonjwa wa siku nyingi, anaweza kusubiri. Sema hivi, kwa sauti, ukiwa umesimama: "Huyu amepata kemo tarehe fulani, leo siku ya kumi, joto ni 38.4 tangu saa nane. Chembe nyeupe zinaweza kuwa zimeshuka." Sentensi hiyo inamwamsha daktari yeyote. Kadi yake ya kliniki iwe na jina la dawa na tarehe ya dozi ya mwisho, na namba ya simu ya wodi iandikwe kwenye jalada lake kwa kalamu nene. Wakikusukuma pembeni, piga hiyo namba, mpe simu daktari wa zamu aongee na wodi.

Malaria wapime, hakuna ubaya, tunaishi Dar. Ila antibiotiki isisubiri malaria itoke chanya au hasi. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Na kwa mama, wekeni daftari. Asubuhi na jioni joto linaandikwa, na saa. Msiandike "asubuhi". Andikeni saa. Mimi nikiletewa daftari lenye saa, nusu ya kazi yangu imeshafanyika.

Mchunguzi Huru

Sawa sista, somo zuri. Ila tuambizane ukweli, manesi wengi mna majibu ya kukatisha tamaa. Mgonjwa anaita "nesi, nesi" hadi sauti inakauka. Hilo nalo linaua.

Sista wa Usiku

Sikatai. Wapo, na mimi mwenyewe zipo siku nimejibu vibaya nikarudi kuomba radhi kitandani. Usiku tunaweza kuwa wawili kwa wagonjwa 34, wanne kati yao wanapokea damu. Sisemi ili unihurumie. Nasema ili uelewe kwa nini namtaka ndugu wa mgonjwa awe na macho. Mimi ni muuguzi, wewe ni muuguzaji, na saa za mgonjwa zilizo nyingi anakaa na wewe.

Bi Mkora wa Tanga

Haya, na hiyo rozela kwenye kichwa cha habari imekukosea nini? Mie mume wangu kila akitoka kliniki namchemshia rozela, namsagia na bitiruti, damu inapanda. Na jirani kaniletea majani ya mpapai eti ya plateleti, zile chembe za kugandisha damu.

Sista wa Usiku

Hahaa bibie, nilijua Tanga lazima mtanikamata kwenye rozela. Rozela kama kinywaji haina ugomvi na mimi, nami nakunywa.

Ugomvi ni kuamini kwamba damu ya mgonjwa wa kemo inashuka kwa kukosa rozela. Mama mjamzito aliyepungukiwa madini ya chuma ni suala jingine, kwake malighafi imeisha kiwandani. Kwa mgonjwa wa lukemia au wa kemo, kiwanda chenyewe kimefungwa. Wewe unarundika malighafi getini. Na wale wanaoongezwa damu mara kwa mara, hasa watoto wa sikoseli, chuma kinawajaa kupita kiasi, kila chupa ya damu inakuja nacho, kinakaa kwenye ini na moyo. Vidonge vya kuongeza damu wasipewe bila daktari kusema.

Majani ya mpapai yanasagwa mabichi, hayachemshwi, mara nyingi na maji ya bomba. Kwa mtu mwenye askari 300, hiyo ni bakteria ndani ya glasi. Kachumbari ya barabarani, maziwa yasiyochemshwa, mayai ya kukaanga nusu nusu, nyama ya kuchoma yenye damu damu, vyote viwe likizo kwa wiki hizo mbili. Matunda ale, ila yale anayomenya mwenyewe au unayomenya baada ya kunawa: ndizi, chungwa, embe. Na chochote cha miti shamba anachotumia mume wako, mtajieni daktari, msifiche. Hatugombi. Tunataka kujua ini linafanya kazi na nini.

Jambo la mdomo nilitaka kulisema, nimelisahau juu. Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi na kijiko cha chai cha magadi soda (baking soda), yale ya kupikia maandazi. Asukutue mara nne kwa siku na kila baada ya kula, ateme. Mswaki laini. Ule mswaki wa mti auweke kando, pamoja na dawa za kusukutua zenye spiriti zinazounguza. Vidonda vya mdomo vinamfanya mtu asile, akikonda dozi inasogezwa mbele, na saratani haisubiri kalenda.

Mwana Sikoseli

Naomba nichangie kama mgonjwa. Nina miaka 27, sikoseli. Maumivu yakinishika naenda dharura, ninachokutana nacho ni nesi kunitazama usoni na kusema "wewe mbona unaongea vizuri, unataka sindano tu". Nikilia, naigiza. Nikinyamaza, siumwi. Siitaji mahali, lakini ni zaidi ya mahali pamoja.

Sista wa Usiku

Nimesoma ujumbe wako mara tatu.

Wenzangu mnaosoma humu, sikilizeni. Mtu aliyeishi na maumivu tangu akiwa mtoto wa miezi sita hajui kuyaonyesha kama wewe unavyoonyesha jino. Anaongea, anachati, hata anacheka, na bado ni nane kwa kumi. Chembe nyekundu zimejikunja kama mundu, zimeziba mishipa midogo, mfupa unakosa hewa. Hakuna kipimo cha damu kinachosema maumivu ni kiasi gani. Kipimo ni maneno yake. Dawa aipate mapema, umrudie baada ya nusu saa umuulize tena. Wengi wetu tunachoma sindano halafu tunarudi mwisho wa zamu.

Maji, blanketi, hewa akiihitaji. Barafu usiweke, baridi inazidisha kujikunja. Hili nalisisitiza kwa sababu kitanda cha pili unaweza kuwa na kijana wa hemofilia, ambaye damu yake haigandi vizuri, goti limejaa damu, yeye barafu ndiyo unamwekea huku mkiandaa faktari, dawa ya kugandisha damu. Wote wawili ni "wagonjwa wa damu", na wote wawili goti linauma. Ukichanganya umeharibu. Na wa hemofilia usimchome sindano ya nyama, wala usimpe aspirini au diklofenaki.

Homa kwenye sikoseli nayo ni dharura, siyo kwa wa kemo tu. Bandama lao linakufa mapema utotoni, na bandama ndilo linalochuja bakteria aina ya nimokokasi. Ndiyo maana watoto wanapewa penisilini kila siku mpaka miaka mitano. Mama akiacha kwa kuwa "mtoto mzima tu", mtoto ni mzima kwa sababu ya hiyo penisilini.

Mkuu, haidroksiurea, ile dawa ya kupunguza maumivu ya sikoseli kutokea, unatumia?

Mwana Sikoseli

Natumia mwaka wa pili. Maumivu makali yamepungua sana kwa kweli. Shida ni vipimo vya damu, naambiwa mara kwa mara na kila mara ni nauli.

Sista wa Usiku

Usiviache. Haidroksiurea inaamsha ile hemoglobini ya utotoni, isiyojikunja, lakini ni dawa ya familia ya kemo, inaweza kushusha chembe nyeupe na plateleti. Tukishajua dozi yako imetulia, vipimo vinapishana kwa miezi kadhaa. Na ukifikiria kuwa na mtoto, wewe au mwenzi wako, uliza kliniki kwanza.

Nesi wa Kisumu

Hamjambo wadau wa Bongo. Mimi ni nesi pia, Kisumu, wodi ya watoto. Sista ameongea mambo ya ukweli, wacha niongeze la huku kwetu. Sisi tuko ndani ya ule ukanda wa Burkitt, ile saratani ya watoto. Mnajua daktari Denis Burkitt alikuwa mpasuaji Mulago, Kampala, akaona watoto wenye taya limevimba, 1958 akaandika. Na 1964 kirusi cha Epstein-Barr kilipatikana kwa sampuli zilizopelekwa London kwa ndege kutoka Kampala. Kwa hivyo huu ugonjwa ni wetu kabisa, na malaria ya kila mara inausaidia kuota.

Shida ya Burkitt ni mbio. Uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Mzazi anafikiri ni jino, anapeleka mtoto kung'olewa, wiki mbili zinaisha, jicho limetoka nje. Wazazi, mtoto wa miaka mitano mpaka kumi na meno yameanza kulegea upande mmoja na shavu limefura, usikae ukingoja.

Lakini ile kitu nilitaka kusema kwa manesi ni mkojo. Burkitt inasikia dawa haraka sana hadi hiyo yenyewe inakuwa hatari. Seli zinapasuka kwa mamilioni, zinamwaga potasiamu na asidi ya yuriki kwa damu, figo inaziba, moyo unaruka. Kwa hivyo maji ya dripu yanaanza kabla ya dawa, na alopurinoli, dawa ya kuzuia asidi ya yuriki. Mimi hupatia mama kikombe chenye alama na karatasi, kila mkojo anapima na kuandika. Kuna mama hajui kusoma, alikuwa anachora kijiti kimoja kwa kila kikombe. Usiku mmoja akaniamsha kwa dawati, "sista, vijiti vimeisha tangu saa nne." Saa nne usiku mpaka saa tisa, mtoto hajakojoa. Mashine haikuwa imetuambia kitu. Huyo mtoto sasa yuko darasa la sita.

Sista wa Usiku

Vijiti! Naiiba hiyo, kesho naanza nayo.

Fundi Jokofu

Swali la haki. Shemeji yangu kalazwa, tumeambiwa tulete watu sita wachangie. Tumeleta, wamechangia, halafu tunaambiwa plateleti hakuna. Damu yetu imeenda wapi? Mnauza?

Sista wa Usiku

Damu haiuzwi, na yeyote atakayekudai hela ya chupa mripoti. Ila naelewa hasira yako, kwa sababu hakuna anayewaeleza.

Chupa moja ya damu inagawanywa: chembe nyekundu, plazima, plateleti. Plateleti za chupa moja ni kidogo mno, kwa mtu mzima tunachanganya za watu wanne mpaka sita ndipo tupate dozi moja. Kumbe namba sita haikutoka hewani. Halafu chembe nyekundu zinakaa kwenye jokofu wiki tano, hata sita. Plateleti haziwekwi jokofuni kabisa, zinakaa kwenye joto la chumba, 20 mpaka 24, juu ya kimashine kinachozitikisa usiku na mchana, na siku tano zikiisha zinatupwa. Fundi jokofu kama wewe unaelewa maana yake: umeme ukikatika, au wikiendi wasipochangia watu, Jumanne hatuna. Damu mliyochangia ilisaidia, pengine mtu mwingine kabisa, na ya shemeji yako itatoka kwa watu ambao hamtawajua. Njia nyingine ni mashine inayochukua plateleti tu kwa mtu mmoja na kumrudishia damu yake, ila haipo kila mahali.

Na kuna familia zinasema "mwekeeni damu ya kaka yake, hatutaki ya watu". Kaka si bora. Chembe nyeupe za ndugu wa karibu zinaweza kujificha kwa sababu zinafanana na za mgonjwa, zikaanza kumshambulia kutoka ndani. Isipopigwa mionzi maalumu, ni hatari. Halafu kama huyo kaka ndiye atakayemtolea uboho baadaye, damu yake ikishaingia mwilini mapema mwili unaweza kujifunza kumkataa. Upandikizaji siku hizi si ndoto tena hapa nyumbani, Muhimbili walianza 2021 kwa wagonjwa wa mailoma (saratani ya uboho) wakitumia chembe za mgonjwa mwenyewe, na Benjamin Mkapa Dodoma wanapandikiza watoto wa sikoseli. Kaka tunzeni, mwacheni achangie kwa ajili ya wengine.

Sasa kisa cha kunifanya niheshimu dakika 15 za kwanza za kuongezwa damu. Miaka ya nyuma, sehemu nyingine kabisa, kulikuwa na wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza, vitanda vinatazamana. Mimi mgeni wodini. Damu imekuja, tumeangalia jina, imetundikwa. Dakika ya tano mgonjwa anasema, "Nesi, kiuno kinaniuma ghafla, na sijui kwa nini naogopa." Hakuwa na homa wala vipele. Yule sista mkubwa aliyekuwa ananifundisha hakuuliza swali lolote, alifunga mrija palepale, akautoa wote, akaweka mrija mpya na maji ya chumvi. Ndipo akasoma namba kwenye chupa. Ilikuwa ya kitanda cha mbele. Mgonjwa alipona, mkojo ulikuwa rangi ya koka siku mbili.

Tangu siku hiyo, watu wawili tunasoma namba kwa sauti kitandani, na jina analitaja mgonjwa mwenyewe. Simwulizi "wewe ni fulani?" maana mgonjwa aliyechoka ataitikia jina lolote. Nauliza "unaitwa nani, jina la baba nani?" Dakika 15 za kwanza siondoki. Mkituona tumesimama tu pembeni ya chupa kama tunaota, hatuoti.

Mama Wawili

Sista mie nina saratani ya titi, ninapata ile nyekundu. Nikikojoa nyekundu naogopa. Na mara ya mwisho mkono uliwaka moto wakati inaingia, nikanyamaza nikidhani ndivyo ilivyo.

Sista wa Usiku

Dada yangu, usinyamaze tena.

Mkojo mwekundu siku moja au mbili ni rangi ya dawa, doksorubisini, si damu. Usiogope. Ila siku mbili hizo funika choo unapomwaga maji, mwaga mara mbili, nawa, na anayefua shuka zako avae glovu.

Mkono kuwaka ndiyo kengele. Hiyo dawa ikitoka nje ya mshipa inaila nyama, kidonda kinaweza kufika kwenye kano. Ukisikia moto, kuvutwa, au ukiona pamevimba, sema hapohapo hata kama nesi amenuna. Anayejua kazi atafunga dawa, atavuta kilichobaki kupitia kanula hiyohiyo kabla ya kuitoa, atachora mpaka kwa kalamu, ataweka kitambaa cha baridi, na atamwita daktari. Kwa vinkristini, dawa nyingine ya kemo, tunaweka cha uvuguvugu, siyo baridi. Wanafunzi wa uuguzi, hili huulizwa mtihani, lakini sababu ya kulijua ni mkono wa mama huyu.

Na mkiwa kwenye vinkristini, wanafunzi wangu: inaingia mshipani tu. Ikiingia kwenye uti wa mgongo inaua. 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwamba ichanganywe kwenye kimfuko kidogo cha dripu badala ya bomba la sindano, ili hata aliyechoka asiweze kuikosea. Siku ya sindano ya mgongo, vinkristini isiwepo hata kwenye troli.

Mama Wawili, mkono ukoje sasa?

Mama Wawili

Kuna weusi na pagumu kidogo. Haumi.

Sista wa Usiku

Kesho asubuhi waonyeshe kabla ya dozi nyingine, usisubiri tarehe ya kliniki.

Mzee wa Bukoba

Mimi swali langu ni la mwisho wa safari. Mke wangu madaktari wamesema twende nyumbani. Wamempa mofini ya maji. Watoto wanakataa, wanasema mofini ni ya kumuua mama yao.

Sista wa Usiku

Pole sana mzee wangu. Shikamoo.

Mofini ya kunywa haimuui mama yao. Maumivu yanamnyima usingizi, chakula na maneno ya mwisho anayotaka kuwaambia hao watoto. Anakunywa kila baada ya saa nne, hata kama kwa wakati huo hasikii maumivu, kwa sababu kuyazuia ni rahisi kuliko kuyafukuza. Dozi ya kulala wengi huambiwa iwe maradufu ya ile ya kawaida, kwa mkupuo mmoja, ili asiamke usiku wa manane, lakini hilo mfuate aliyekuandikia. Siku za mwanzo atasinzia, mara nyingi ni usingizi anaolipiza. Kama anasinzia hadi huwezi kumwamsha au anapumua polepole sana, piga simu. Choo kitakuwa kigumu, hilo halizoeleki, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini. Mkiishiwa msikae, rudini kabla chupa haijafika chini.

Hapo jirani yako Uganda, tangu 2004 manesi waliosomea tiba shufaa (ya kutuliza mateso ya mgonjwa asiyepona) wameruhusiwa kisheria kuandika mofini wenyewe. Ningetamani na huku. Muuguzi ndiye anayefika mlangoni kwa mgonjwa.

Watoto waite. Waambie kazi ya kumpimia mama yao dozi ni yao, kwa zamu. Mara nyingi anayekataa dawa anataka tu kuwa na la kufanya.

Mzee wa Bukoba

Marahaba mwanangu. Nitawaambia.

Mkulima wa Kibaha

Kahawa imepoa sijainywa.

Kaka Mkubwa Mbagala

Wakuu, narudi. Ni siku ya nane toka niandike hapa juu. Kipimajoto nilinunua kesho yake, duka la dawa la mtaani. Jana usiku saa nane mama alinigongea ukuta. Kwapani 38.4. Mdogo wangu akashika parasetamoli, nikamnyang'anya. Bajaji, hospitali ileile ya siku ile. Nilisimama kaunta nikasema ile sentensi kama nasoma taarifa ya habari. Dada akanitazama, akaenda kumwita daktari. Daktari akaongea na wodi ya mama kwa simu yangu. Wakachukua damu, wakatundika antibiotiki. Saa hizi tumehamishiwa kwetu, mama amekunywa uji. Chembe zake ni 200.

Sista wa Usiku

Mlifika pale saa ngapi?

Kaka Mkubwa Mbagala

Nimeandika kwenye daftari. Tisa kasoro kumi.

Sista wa Usiku

Na dawa iliingia saa ngapi?

Kaka Mkubwa Mbagala

Tisa na dakika ishirini na tano.

Sista wa Usiku

Dakika 35. Msalimie mama. Na yule dada wa kaunta ukipita tena, mwambie asante.